Udongo Alioufinyanga Mdogo Wako

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Goti vipi, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mama watoto mzima? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu, ila moyo wangu hautulii, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Ni habari ya mdogo wako, mume wangu. Unajua tangu tangi lilipolipuka karakanani likamchukua mwenzake, yule tuliyemwita Koleo, hajasema neno. Mikono yake iliyoungua imepona. Kula anakula, akiitwa anageuka, lakini kinywa amekifunga. Daktari alisema koo ni zima, kilichoumia ni ndani. Akatupeleka kwenye chumba kimoja nyuma ya hospitali ambako wagonjwa wanachora, wanaimba, wanafinyanga udongo. Usicheke, Shemeji. Hata mimi nilijiuliza, nimeleta mgonjwa au nimeleta mtoto chekechea?

Mtaalamu wao ni dada mpole, aproni yake ina rangi kila mahali. Halazimishi mtu kusema. Anasema lisilopita mdomoni huenda likapita mikononi. Alinipa na mimi bonge la udongo nifinyange kikombe. Baadaye akaja akaniuliza, "Mama, hiki kiatu ni cha nani?" Mdogo wako akainamisha kichwa, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka! Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Basi mdogo wako akaanza kufinyanga mtu. Akaruhusiwa kuja naye nyumbani, akawa anamfunika kitambaa chenye maji asikauke. Shangazi yenu alipokuja kututazama akamkuta mtu huyo wa udongo dirishani.

"Mtu mzima kufinyanga mtu! Anataka kumfanyia nini huyo mtu?"

Nikamweleza kuwa ni tiba.

"Tiba gani isiyo na dawa? Mmetiwa kwenye uchawi na mnaitikia amina!"

Nilitoka kuanua nguo. Kurudi, Shangazi amekwisha kumtumbukiza kwenye beseni la kufulia na anamwombea dua, macho ameyafumba.

Mdogo wako alipotoka kuoga akakuta tope. Alilitazama sana. Kisha akasema, kwa sauti kama bawaba yenye kutu: "Hakuwa na masikio bado."

Shemeji, nilikaa palepale sakafuni. Miezi yote ile, neno la kwanza ndilo hilo! Unakumbuka masikio ya Koleo, walivyomtania kwamba anasikia chai ikichemka nyumba ya tatu. Halafu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume, akanyamaza tena. Mpaka leo.

Sasa sijui nishike lipi. Yule dada anasema kilio ni mlango, tusiufunge, arudi Jumatano aanze upya. Shangazi naye ameapa kwamba akirudi kule, yeye hakanyagi tena kwangu, na ukoo wote unamsikiliza. Nasali, lakini hata katikati ya sala nasikia maji ya lile beseni. Naogopa akirudi atavunjika zaidi. Naogopa mara mbili asiporudi.

Wewe ndiye mkubwa wao, Shangazi hakupingi. Mwambie amwache mtoto wa kaka yake afinyange, dua azisome akiwa kwake, Mungu hana umbali.

Wasalimie mama watoto, binti yenu mwalimu, na yule kitindamimba wenu mtundu. Shemeji mdogo, fundi viatu, anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu awafunike kwa mkono wake, awaepushe na la ghafla.

Na neno moja zaidi, nakusihi. Kabla ya Jumatano piga simu, lakini usinipigie mimi, mpigie yeye. Ataipokea, nawe hutasikia kitu. Usidhani laini imekatika, wala usikate. Huyo aliyenyamaza ndiye yeye. Zungumza naye.

Mimi akupendaye kama ndugu wa tumbo moja,
Shemeji yako