Upande wa Wanawake

Ljósavík,
mwishoni mwa Julai

Mama mpendwa Steinunn,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua hutalitaja mpaka nikuulize, na nikikuuliza utasema halijambo. Hata hivyo nauliza. Ngazi za hapo kwenu unazipanda bila taabu? Na yule jirani wa chini mwenye kinanda, mmeshapatana au bado mnagongeana sakafu? Sisi huku tu wazima. Svala ameota jino la mbele, limekaa upande, na analionyesha kwa kila mtu, hata asiyeuliza. Anakusalimu sana. Nilimwambia aje aandike salamu zake mwenyewe, akasema ana kazi, na kazi yenyewe ni kumvalisha paka soksi. Mimi nakula, nalala, nakwenda kiwandani. Samaki wapo.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata, Mama, na najua umelingoja jibu mpaka umechoka. Ulisema mtoto wa kike anahitaji mwanamke wa kumlea, kwamba chumba cha binti yako kipo tupu, kwamba shule iko karibu kiasi kwamba unaiona dirishani, na kwamba nikujibu kabla shule hazijafunguliwa. Sikufichi, ile barua ilinichoma. Niliitia kwenye droo ya vijiko, na kila nilipotafuta kijiko cha uji nikakutana nayo. Kichwani nimekujibu mara nyingi, na majibu mengine hayafai kumwandikia mkwe. Sasa hasira zimepoa. Nitakujibu, lakini inabidi nikupitishe kwanza bwawani, kwa sababu jibu lenyewe limetoka huko.

Kiangazi hiki tumeshinda bwawani, kama wote. Nikitoka kazini namchukua Svala, tunabeba mataulo, tunakwenda. Mvua inanyesha, tunakwenda. Upepo unavuma hadi bendera ya shule inataka kuchanika, tunakwenda. Watoto wote wa kijiji wamo kwenye bwawa kubwa wanapiga makelele, na wazazi wote wamejibanza kwenye kidimbwi cha maji ya moto, maji shingoni, wanasema watu. Wewe mwenyewe unajua ilivyo.

Mwaka jana Svala alipita upande wa wanaume pamoja nami. Nilimvua, nikamwogesha, nikamvika nguo ya kuogelea, tukatoka tumeshikana mikono. Mwezi wa tano katimiza miaka sita, na sheria ndiyo ile ile: mtoto wa miaka sita anapita upande wake. Siku ya kwanza nikajifanya nimesahau. Aliyenikumbusha ni Gunnvör, yule mama wa bwawani mwenye sauti. Utamkumbuka, ndiye aliyemwamuru kasisi asogeze gari lake siku ya mazishi. Kazi yake ni kukaa kaunta na kuhakikisha hakuna anayeingia majini kabla hajaoga uchi kwa sabuni, na hata waziri angekuja angemrudisha akasugue kwapa. Akaniambia mbele ya watu kwamba binti ameshakua, apite kwa wanawake, na mimi niache kuganda mlangoni pale kama koti lililotundikwa, humo ndani wake za watu wanavua nguo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila kicheko cha mdomoni tu.

Nikampa Svala mfuko: taulo, nguo, sabuni, kitana. Nikamweleza kila kitu mara mbili. Akaingia wala hakugeuka. Nikaoga haraka haraka kama mtoto mtundu, nikatoka, nikasimama pembeni mwa bwawa nikiutazama mlango wa wanawake. Upepo ulikuwa unanipita mifupani. Bersi, nahodha wetu, akanipigia kelele kutoka kwenye maji ya moto kwamba njoo uingie Högni, utakufa na baridi, mtoto hajaenda kuvuka barafu, ameenda kuoga. Sikuingia. Svala alipotoka, nguo ameivaa mgongo mbele, povu limo sikioni, na zile nywele, Mama, zile nywele unazozijua zilikotoka, zimemfunika uso mzima. Akasema tayari, Baba. Nilitaka kulia, mtu mzima mimi, kwa ajili ya nguo ya kuogelea. Nikasema basi, Mama Steinunn ana haki.

Na huko kwenye maji ya moto nako nikuambie kulivyo. Wakiwa peke yao wanacheka mpaka maji yanamwagika. Nikitia mguu mimi, mazungumzo yanageuka, inaanza bei ya samaki, inaanza hali ya hewa. Si watu wabaya. Msimu wote wa baridi walituletea supu ya kondoo mpaka friji likakataa kufunga. Nikiingia wananipisha, na nafasi wanayonipa ni kubwa kuliko ninayohitaji. Nakaa pale maji kidevuni, bega kwa bega na watu ninaowajua tangu utoto, nami niko peke yangu. Upweke wa mle ni mbaya kuliko wa nyumbani. Nyumbani angalau hakuna anayeuona.

Basi siku moja, wiki ya pili au ya tatu hivi, Svala akatoka upande wa wanawake akiwa amesukwa. Si msuko wa hivi hivi. Ni ule msuko mmoja unaoanzia juu ya sikio la kushoto, ukazunguka kichwa chote, na ncha yake ikafichwa nyuma isionekane. Unaujua, Mama. Nadhani wewe ndiye uliyemfundisha binti yako. Sikuwa nimeuona tangu alipolazwa hospitali. Nikamuuliza mtoto nani kakusuka. Akasema wanawake. Wanawake gani? Wanawake tu, Baba! Akaziba pua, akarukia majini.

Tangu siku hiyo akaanza kuchelewa humo ndani. Wenzake wanatoka, wanaogelea, wanarudi kuvaa, yeye bado. Nikimuuliza ulikuwa unafanya nini, ananiambia alikuwa anaoga. Oh, kuoga gani huko? Tukirudi nyumbani anakula soseji yake na mkate, vitunguu vya kukaanga vimemjaa kidevuni, anacheka peke yake. Mama, wivu ulinishika, nakuambia kweli. Nikaona kuna mtu anaingia mahali pa mama yake, kwa mlango nisioruhusiwa kupita. Nikaanza kumshuku dada yake Bersi, aliyerudi juzi juzi kutoka Denmark bila mume. Kila akitoka mlango ule namkazia macho. Masikini, sijui alidhani nini, maana siku hizi akiniona anahamia kidimbwi kingine.

Alhamisi ya wiki iliyopita alikawia kupita kiasi. Watoto wote walikuwa wameshatoka, mlango umetulia, mwanangu haonekani. Nikakimbilia kaunta na chupi yangu ya kuogelea, natiririka maji, nikamwambia Gunnvör aingie haraka amwangalie, huenda ameteleza. Gunnvör hakuinuka. Akaniangalia, akasema mtoto hajambo, kaa kitako. Kisha akaniuliza hivi kweli wewe hujui? Kijiji kizima kinajua.

Ndipo akanieleza. Wiki ile ya kwanza alimkuta Svala amekaa kwenye benchi la karibu na dirisha, nywele zimemshinda, kitana mkononi. Akachukua kitana amsaidie. Svala akamuuliza kama alimjua mama yake. Gunnvör akasema nilimjua sana. Svala akamwambia basi nipe kitu kimoja chake, chochote. Gunnvör akamsimulia jinsi mama yake alivyokuwa akija bwawani na mimba kubwa, theluji inadondoka, anaelea chali na kofia ya sufu kichwani, tumbo juu, anasema hapo ndipo mgongo wake unapopata likizo. Svala akasema ile mimba ni mimi. Gunnvör akasema ndiyo, ni wewe.

Tangu hapo ikawa kila siku. Mtoto anaoga, anakaa kwenye benchi, anamkabidhi kitana mwanamke yeyote aliye karibu, anasema kitu kimoja. Nao wanampa. Mmoja kamweleza mama yake alivyotumbukiza gari mtaroni akiwaangalia nyangumi, halafu akakaa juu ya paa aendelee kuwaangalia. Mwingine kamwambia walikosana naye kwa mambo ya kwaya, hawakuwahi kupatana, na mama huyo akaanza kulia, na Svala akampigapiga gotini kwa mkono uliolowa akimwambia usijali. Ule msuko hakuna aliyeujua. Svala ndiye aliyewaonyesha kwa kidole, unaanzia hapa, unapita hapa, wakafuma na kufumua mpaka ukakaa.

Nikamuuliza Gunnvör kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema mtoto aliwaomba. Aliwaambia msimwambie Baba, Baba akisikia jina la Mama anatoka nje.

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, maji yakinichuruzika sakafuni, na Gunnvör, ambaye hajawahi kumruhusu mtu ailoweshe sakafu ile, akaniacha niiloweshe.

Maana ni kweli, Mama. Tangu tulipotoka makaburini sijalitamka jina lake. Svala akisema Mama alikuwa anafanya hivi, mimi nakumbuka takataka hazijatolewa, nakumbuka gari halijafungwa. Picha niliitoa ukutani nikaiweka kabatini, nikisema mtoto asiumie. Na wale wa kwenye maji ya moto, niliokuwa nawanung'unikia, mimi ndiye niliyewanyamazisha. Mwezi wa pili Bersi alimtaja, nikatoka majini bila kuaga. Wangefanya nini zaidi? Hata barua hii, irudie kuisoma. Kila mahali nimeandika binti yako, mama yake, kama karani wa serikali.

Eydís. Haya, nimeliandika. Eydís.

Mwanangu alikuwa anakwenda kumtafuta mama yake kwa watu, kwa sababu kwangu hakumpata. Hilo ndilo nililotaka ulijue, na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Kesho yake niliingia kwenye kidimbwi cha moto. Bei ya samaki ikaanza. Nikawakatiza, nikasema Eydís aliniambia kwamba Bersi akiimba kanisani anasikika kama sili aliyekwama kwenye bomba. Neno likishanitoka nikajuta. Halafu Bersi akasema nami aliniambia hivyo hivyo, tena usoni, tena Krismasi! Basi, Mama, ilikuwa kicheko, na mkewe Bersi akawa analia na kucheka, na ikawa hujui nani anaongea, kila mtu ana lake. Svala alikuwa kwenye bwawa kubwa. Katika makelele yale yote ya watoto akalisikia jina. Akaogelea mpaka ukingoni, akaning'inia kwa mikono yake miwili, midomo imekuwa ya buluu, akinitazama. Nikamwita aje apate joto. Akakataa, akaniambia endelea, Baba.

Sasa jibu lako. Svala sitamtoa, Mama. Si kwa sababu ninaweza yote, la. Kusuka kwangu ni kufunga nyavu, na juzi nimempeleka kwenye sherehe ya mwenzake akiwa amevaa fulana yangu, akidhani ni gauni, maana ndivyo nilivyomwambia. Lakini huku ndiko mama yake anakosimuliwa, na mimi ndiyo kwanza nimeanza. Usinichukulie vibaya.

Ila kuna jambo limetushinda. Jana Svala alinilalamikia kwamba wanawake wameanza kurudia. Gari la mtaroni ameshalisikia kwa watu watatu, na kila mmoja nyangumi wake wanaongezeka. Nikamweleza kuwa watu wa huku walimjua Eydís akiwa mtu mzima, nilipomleta mimi. Akafikiri, akaniuliza nani alimjua Mama alipokuwa na miaka sita, alipokuwa hana meno. Nikamwambia yuko mmoja tu.

Mama, najua hujakanyaga huku tangu siku ile ya mazishi, na najua kwa nini. Sikulaumu. Lakini njoo. Usije kwa ajili yangu. Mimi nikisimama mlangoni pale mpaka theluji irudi sitaruhusiwa kupita, wala sina cha kumpa humo ndani. Wewe utapita. Kuna benchi karibu na dirisha, na maji ya moto yatalifaa goti. Atakupa kitana bila kukuuliza, na wewe peke yako ndiye usiyehitaji kuonyeshwa msuko unapoanzia.

Nisalimie jirani wa kinanda, mwambie apige taratibu. Bersi na mkewe wanakusalimu, na Gunnvör anasema usisahau sabuni. Ukijua siku, tuarifu, tutakuwa kwenye kiwanja cha ndege kabla ndege haijatua.

Paka amevalishwa soksi zote nne, amejificha chini ya kochi. Svala amekuja kusimama nyuma yangu, ananiuliza kama nimemwandika Mama. Nimemwonyesha jina lilipo. Analisoma kwa kidole, herufi moja moja, na mimi nimeacha kalamu nimsikilize.

Mkweo,
Högni