Neno Lililokuja Baada ya "A Lot of"

Mpendwa Baba Neema,

Leo kanisani mhubiri amesema "a lot of blessings", nami nikacheka peke yangu. Mama niliyeketi naye akanitazama vibaya. Ningemweleza nini? Kwamba hayo maneno ndiyo yaliyonipa bwana?

Unakumbuka lile darasa la Jumamosi pale Thika. Wewe ulikuwa umetoka Bungoma juzi tu, unabeba marobota kiwandani, mimi niko kwa cherehani. Wote tulitaka Kiingereza cha kupandishwa cheo. Siku hiyo mwalimu alitufundisha kwamba "many" ni ya watu na vitu vya kuhesabika, "much" ni ya maji na unga, lakini "a lot of" haibagui, inakubali yote. Wewe ukasema kwa sauti, "Hiyo ndiyo yangu!" Kila mtu akacheka.

Halafu akataka sentensi. Ukasimama, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"A lot of girls are in this class, but I am seeing one."

"Sema I see one," mwalimu akakurekebisha.

"Hapana, mwalimu. I am seeing. Bado sijamaliza kuona."

Nilijifunika uso kwa kitambaa. Ngai, Mungu wangu! Na bado nilikungoja mlangoni.

Tulikaa vizuri. Ukanifundisha kusonga ugali mgumu, nikakufundisha kupenda mukimo, viazi vyetu vya kupondwa, Neema akazaliwa akala vyote. Kisha stroki ikakupata ukinyoa ndevu asubuhi, hapa hapa Kimbo, Ruiru. Uliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia haukuwa na nguvu, na maneno yalikuwa yamekwenda. Kibukusu, Kiswahili, hata jina la Neema. Kilichobaki kinywani kilikuwa "a lot of". Ulikuwa ukisema hivyo, kisha unakwama, macho yakiniomba nikumalizie.

Nami nilikimbia. A lot of maji? Nikaleta maji. A lot of maumivu? Nikaleta dawa. Blanketi? Redio? Ukatikisa kichwa hadi ukalia, nami nikaenda kulia jikoni ili usinione.

Yule dada wa hospitali aliyekuwa akikufundisha kuongea ndiye aliyeniambia, "Mama, usimmalizie. Mngoje."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kukubeba. Lakini alasiri moja nikikukata kucha ukaanza tena, "A lot of..." Nikanyamaza. Jasho likakutoka. Mdomo ukapinda, ukajaribu, ukaacha, ukajaribu tena.

"A lot of... Njeri."

Ulikuwa hujaniita Njeri tangu Neema azaliwe. Niliweka wembe chini nikakushika kichwa. Najua jina la mtu mmoja halikai hapo, sarufi inakataa. Sikukurekebisha. Baada ya hapo maneno mengine yalirudi machache: chai, Neema, Yesu, njoo. Yalitutosha hadi ulipotuacha.

Tulikuzika kwenu, karibu na baba yako. Nilirudi Ruiru nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu: kwamba bila wewe mimi ni mgeni kule kwenu, Mkikuyu aliyeolewa na marehemu. Miezi ikapita bila mtu kuniita. Nikasema, basi, imeisha hivyo.

Jana mama yako amenipigia simu. Unajua Kiswahili chake, na Kibukusu changu ni cha kuchekesha mifugo. Tulisalimiana, tukaishiwa. Nikamsikia akipumua. Nilitaka kumtafutia la kusema, nikajizuia.

Mwishowe akasema, "Nyumba yenu nimeipaka udongo mpya. Utakuja lini?"

Nimekata tiketi ya Ijumaa, Baba Neema. Nitafika kaburini kwako kabla sijaingia kwa mama.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Neema