Kwani Alipona Lini?

Tanga, Jumapili, siku ya tisa tangu uzikwe. Nina miaka thelathini na nane nje ya kwetu Dutwa.

Masanja, mdogo wangu,

Bado sijalia.

Unakumbuka ulivyotoka Bariadi kwa baiskeli, umefunga mlango wa bati mgongoni, upepo ukikuyumbisha njia nzima? Mama alipiga makofi uani: "Kichaa wangu kaja!" Kwetu neno hilo lilimfaa kila mtu. Kichaa, aliyepalilia pamba jua la saa saba. Kichaa, aliyetoa ng'ombe thelathini kwa binti aliyemwona mara moja mnadani. Kichaa, mcheza ngoma aliyejivika chatu shingoni. Ilikuwa karibu sifa. Lakini ndilo pia tulilomwita yule mama aliyeokota maganda sokoni, na kwake hakuna aliyecheka.

Mkeo Kabula alinipigia. "Shemeji, mdogo wako amekuwa kichaa. Wazee wamekaa, wanasubiri neno lako apelekwe hospitali."

Desturi yetu unaijua: mgonjwa wa namna hiyo haondolewi nyumbani mpaka mzaliwa wa kwanza aseme, na akishasema, kikao kimekwisha. Simu ilikuwa kwenye spika. Nikajibu, "Kwani alipona lini?"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Basi, mkubwa amesema." Nikasikia viti vikisogezwa.

Kabula hakucheka. Sauti yake ilikuwa imekauka tangu mwanzo, na mimi nilijua anasema kichaa kipi. Nilijua, Masanja. Ila kukubali kulimaanisha nipande basi, nami tangu nigombane na baba niliapa sikanyagi tena ule uwanja wa nyumbani.

Siku ya tatu baada ya kikao ukatoka ukiswaga ng'ombe ambao hawapo, ukiwaita kwa majina ya ng'ombe wa baba, ukawaingiza mtoni. Mto ulikuwa umejaa, ukakuchukua. Kabula aliponieleza nilimuuliza mara mbili: ng'ombe gani? Ng'ombe gani, Kabula?

Kesho wanamaliza matanga, wataniweka tena kwenye spika. Nitawaambia nilijua, wasije wakasema nilitania tu. Kisha nitatoa neno langu la mwisho la ukubwa: akiugua mtu hapo nyumbani, asisubiriwe aliye mbali. Aseme anayelala naye nyumba moja. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine.

Pumzika, mdogo wangu. Ng'ombe wameshaingia zizini.

Mimi sitarudi.