Chuma inapumua

Jumanne, mwezi wa kumi, 1955

Kumbe chuma inapumua! Na uzee huu wote nilikuwa sijui.

Tangu treni ya kule Katanga imukate muguu kwenye kazi yake ya reli, mujukuu wangu Mulenga analala tu, anaangalia ukuta. Nikamutengenezea reli ndogo ya waya hapa uwanjani, juu ya mbao. Asubuhi na baridi nikavuta waya kama kamba ya wavu wangu wa samaki, mpaka ikalia, nikapiga misumari.

Saa sita jua ikawaka. Waya ikarefuka, ikajikunja, kagari ka mukebe nilikaweka juu yake kakaanguka. Nikatukana.

Mulenga akachungulia kwa mulango, akacheka mule ndani. "Kambo, babu yangu, hiyo si wavu! Chuma ikipata moto inakua. Kata vipande, uache nafasi."

"Kuja kata mwenyewe, muvivu!"

Akatambaa mpaka nje, akaninyang'anya koleo. Nikamushikia waya tu. Niliogopa nikimusifu atarudi ndani.