Mutu Asifungue Ile Mashini

Baba ya Ilunga, bwana yangu,

Sikuulizi kama uko muzima, juu najua kwenye uliko. Tulikuzika vizuri, batu balikuya wengi, na hata bale haukupenda balikula wakashiba. Ile tuliisha kuongea. Leo nakuandikia juu ya mashini yako, ile ordinatere, kompyuta yenye iko pa meza karibu na dirisha. Na nakuandikia na bidole byangu mwenyewe, si kwa mudomo ya mutu. Ukiona herufi imesimama sawa, ujue mashini imepona. Sasa ngoja nikuelezee namna ulitutesa.

Unakumbuka siku ulileta ile mashini? Ulikuwa umeisha kuacha kazi ku karakana ya mine, kule ku mugodi ya Mutoshi, na watu wenye akili banarudi nyumbani na magodoro, na mabati, na mbuzi. Weye ukaingia na sanduku ya chuma, unaikumbatia kama mutoto muchanga. Nikakuambia: "Hakuna chumvi mu hii nyumba tangu juzi, na weye unatuletea televizyo yenye haiimbi." Ukacheka, ukapangusa meza na shati yako ya kanisa, ukasema: "Hii si televizyo, mama. Hii njo itakufundisha kuandika."

Mi, kuandika! Masomo yangu niliyaacha Lubudi, mugongoni nabeba badogo zangu. Kusoma nilijua kidogo, sababu ya katekisimu, lakini kalamu haikunipenda hata siku moja. Bidole byangu bilizoea mwiko na jembe. Ukanikalisha mbele ya ile mashini.

"Finya hapa," ukasema.

"Nafinya nini?"

"Herufi yenye unataka."

"Na ikivunjika?"

"Nimetengeneza kamyo, malori zenye ni kubwa kuliko hii nyumba. Finya, mama."

Uliniomba niandike jina yako. Niliandika CHUMVI. Nilikuwa nimekuambia kwa mudomo siku mingi, haukusikia. Ile siku ulisoma pale pa kioo, ukavaa viatu, ukaenda ku soko. Njo pale nilijua kuandika ni kitu ya nguvu.

Unajua vile ilikuwa mbele, kabla sijajua kuandika. Barua zangu zote mukwe yetu, bibi ya Ilunga, njo alikuwa anaandika. Ni mutoto muzuri, sisemi, lakini ana moyo laini kama ndizi ya kuiva sana. Mi nasema: "Ambia dada yangu wa Lubudi, kama harudishi sufuria yangu, nitakuya mwenyewe kuichukua, hata kama iko ku moto na chakula ndani." Yeye anaandika: "Dada mupendwa, tunakusalimia sana, ukipata nafasi utukumbuke." Sufuria ikabaki Lubudi. Kiisha nikajua kuandika mwenyewe, nikaandika mwenyewe, unakumbuka? Minibus ya kwanza kutoka Lubudi ilileta sufuria, imesuguliwa mpaka inang'aa. Tulicheka weye na mi mpaka ukakohoa.

Tangu umeenda, ile mashini njo mudomo yangu. Nawaandikia bamama ba kwaya, namuandikia dada yangu, namuandikia yule mwenye nyumba anatupa takataka mbele ya mulango yetu. Wote banajua ni mi. Hakuna "tunakusalimia sana".

Sasa mutoto yako Ilunga, yule ulijinyima bia juu asome, akaanza kuwa fundi. Akasema: "Mama, mashini iko nzito, naifuta, natia programu mupya." Nikamuambia aache. Akatia. Alipomaliza, kila kitu kikawa kikubwa, kinene, na ukungu juu, kama mutu amepumulia kioo. Mistari inapita kulia na kushoto. Sikujua tena hii ni m ao ni n. Niliinama mpaka pua ikagusa kioo, hakuna.

Ilunga akajikuna shingo. "Mama, imezeeka. Imekufa. Posho, ile Jumamosi, bale batu ba mitraille banapita, tutabapa."

Unabajua, bale wa kusukuma pusupusu na kupiga chuma na fimbo, banatafuta byuma bya zamani. Mu hii muji yetu kitu kikinyamaza kidogo tu, tayari kuko mutu anaulizia shaba yake. Balikuwa batapasua ile mashini pale mu barabara, batoe nyuzi, batupe ingine mu mufereji. Na bibi ya Ilunga, mi namuona, alikuwa ameisha kupima ile meza na macho yake. Akaniambia polepole: "Usihuzunike, mama. Mi nitakuandikia tena."

Njo ile niliogopa, baba ya Ilunga. Sikuogopa kukosa mashini. Niliogopa kurudi kuwa mutu wa kuandikiwa.

Nikamuita Ngalula, ule binti wa familia ya Kasai yenye iko nyuma ya kanisa. Ana kibanda ku soko ya Manika, anatengeneza mashini za batu. Nilimuambia mashini haitoki mu nyumba, yeye njo akuye. Akakuya na pikipiki ya taxi-moto, anatafuna chingamu. Nilimuambia ateme. Akatema. Akaangalia ile kioo, akafinya, akafinya.

"Nkambo," akasema, vile bajukuu banatuita, "mashini haijakufa. Inakosa pilote ya picha."

"Niambie mi neno naelewa."

"Ndani kuko kipande kinatoa picha, banaita karte. Pilote ni maandiko yenye inafundisha mashini namna ya kuongea na ile karte. Ilunga alifuta yote, na ile pia. Sasa banaangaliana tu, hakuna mwenye anajua luga ya mwengine. Nafungua kidogo, naona ni karte gani, natafuta pilote yake."

"Hapana."

"Namna gani hapana?"

"Bwana yangu alisema mutu asifungue ile mashini."

Na ulisema, usikatae. Ulisema hata ku lopitalo, pa kitanda ya bagonjwa, ukinishika mukono: "Mutu asifungue ile mashini." Mi niliweka ile neno kama wosia. Nilijua unaogopa bezi ba bipande bya ndani, juu hapa kwetu mashini ikienda kufunguliwa inarudi nyepesi. Basi nikamuambia Ngalula: "Jina yake iko pale mbele, mi naipangusa kila siku ya Mungu. Tafuta ya ile jina."

"Nkambo, ile ni jina ya sanduku tu."

"Na mi jina yangu pia ni ya sanduku? Tafuta!"

Masikini akatafuta. Akaunga telefone yake ku mashini mpaka telefone ikawa ya moto. Pilote ya kwanza, mashini ikaikataa. Ingine ikaingia, kioo ikawa nyeusi, ikabidi aanze upya. Ingine ikaleta rangi kama nguo ya mulevi. Nilimugombeza. Nilimuambia masomo yake ni ya bure. Hakukasirika. Alikusanya bitu byake mu sakoshi, akasema: "Nkambo, dawa iko. Lakini umeniletea mugonjwa amefunikwa blanketi, na unanikataza kuifunua."

Nikaangalia ile mashini. Paka yako ilikuwa imelala juu yake, vile iko siku zote. Na pale pale nikakumbuka ile siku nilirudi ku misa kabla ya saa, nikakuta mashini mbili pa meza, zote tumbo wazi. Yetu, na ingine ya kufa yenye rafiki yako wa Lubudi alikupatia. Uliruka kama mwizi! Nikakuuliza unafanya nini, ukasema vile mulikuwa munafanya ku karakana: kamyo ikikufa, munatoa moyo yake, munatia mu ingine, inatembea. "Sasa yetu itaona na macho ya ile ya Lubudi," ukasema, na unafunga misumari mbio-mbio, na jasho inatoka, na hakukuwa joto.

Kumbe jina ya mbele ni moja, na macho ya ndani, ile karte, ni ya nyumba ingine. Hata Ngalula atafute mwaka muzima kwa ile jina, hataipata.

"Fungua," nikamuambia.

"Na bwana yako?"

"Bwana yangu mi njo nitaongea naye."

Nilileta kiti, nikakaa magoti yangu yanagusa magoti yake. Kila musumari uliingia mu bakuli yangu. Kifuniko ikatoka, vumbi ikatoka, paka ikapiga chafya. Ngalula akawasha taa ya telefone, akainama.

"Nkambo, hii ni nini?"

Nikaangalia. Pale pa ile karte, feni kidogo ilikuwa imefungwa na kitambaa, fundo mbili, safi kabisa, kazi ya mutu wa karakana. Kitambaa ya buluu. Na ndege ya manjano juu yake, nusu ya ndege, kichwa na bawa moja.

"Hii," nikasema, "ni kitenge yangu."

Baba ya Ilunga! Kitenge yangu ya buluu, ya ubatizo ya Ilunga, yenye niliikuta imekatwa ku pindo, nikapiga kelele mpaka majirani bakatoka! Nikasema ni panya. Na weye, mbele yangu, na uso ya mutakatifu, ukaitika: "Ndiyo mama, panya za siku hizi ziko na meno." Panya anakata kitambaa sawa hivi, kama amepima na rula? Na kesho yake ukaniletea paka! Ulitembea mpaka mwisho wa Manika kutafuta paka ya kukamata panya yenye ilikuwa weye. Ile paka inakula samaki yangu mpaka leo, haijaonaka panya hata moja.

Ngalula alicheka mpaka akashika meza. Mi sikucheka mbele yake. Nilicheka kiisha.

Akasoma nambari juu ya ile karte, akatafuta. Pilote za mupya zilikataa, juu karte imezeeka pamoja na weye. Akashuka mu zile za zamani, mpaka akakuta moja ya umri yake. Akaitia. Kioo ikazima. Nikasimama, nikashika kifua. Kiisha ikawaka, baba ya Ilunga, ikawaka safi kama maji ya asubuhi. Herufi ndogo, kila moja na miguu yake. Nikaweka kidole chini ya m. Miguu tatu. Nikakaa. Macho yangu yalitoka maji, lakini ni vumbi ya mashini yako.

Ngalula alitaka kutoa kitambaa, atie kamba ya plastiki. Nilimukataza. Feni inazunguka, haisemi neno. Acha kazi ya mutu. Sikumuomba musamaha, lakini alienda na mikate, na nilimuruhusu atafune chingamu yake.

Siku ya posho pusupusu ikapita, fimbo inalia ku chuma. Ilunga akaingia kuuliza kama nimeamua. Nikamugeuzia kioo. Nilikuwa nimeandika: ILUNGA, CHUMVI IMEISHA. Akasoma. Akavaa viatu.

Sasa weye na mi. Miaka yote nilidhani unaogopa bezi, kumbe ulikuwa unaniogopa mi, hata pale pa kitanda cha lopitalo! Ungesema tu, ningekupatia kipande ingine. Hapana, nisikudanganye mahali uko. Nisingekupatia. Ningekugombeza mpaka Mutoshi na kurudi, na ungestahili.

Kaa pale vizuri, usiwasumbue bale benye uliwakuta. Nimefungua ile mashini, na nimekukuta ndani na mukono yako ku nguo yangu. Kifuniko tumerudisha. Paka imerudi juu yake, na iko na joto, juu chini yake mashini inafanya kazi.

Mi bibi yako, mwenye kitenge