Mwanasesere wa Tusekile

Kambi ya wachimbaji, Luanshya

Kwa dada yangu Sabina,

Pokea salamu za mdogo wako. Mimi mzima, ila vumbi la mgodini linanikohoza. Nawe u hali gani? Shemeji je, na magoti ya baba yanamruhusu kufika shambani? Kahawa imeshaiva?

Barua yako nimeipata kwa yule dereva wa lori wa Tunduma. Unasema Tusekile anauliza kila siku mjomba ataleta lini mwanasesere wake, na wenzake wote wameshapewa na wajomba zao. Dada, naona aibu kukujibu.

Nilimchonga. Ule mzizi wa mkuyu niliotoka nao nyumbani niliutunza, nikaupa sura ya marehemu mama kama desturi yetu inavyotaka, paji lake pana na kile kidevu chake. Yalibaki macho tu. Nawe wajua, macho huchongwa mbele ya mtoto mwenyewe, maana mwanasesere ni wa mtoto wa kwanza kutazamwa naye. Basi Jumapili nilitoka kanisani na upweke mwingi, nikamwona mama hana macho, nikashindwa kuvumilia. Nikasema nimalizie tu, nimfunge kitambaa machoni hadi nifike kwenu, nani atajua. Ujinga mtupu.

Sijaweka kisu chini, Chileshe akaingia kuomba moto. Ni binti wa jirani yangu wa kabila la Wabemba, na mama yake alifariki masika haya. Akasimama mbele ya mwanasesere, akasema, "Mayo," yaani mama kwa lugha yao.

Nikamwambia, "Huyu si wako, mwanangu."

"Mbona ananitazama mimi?"

Nikampa. Ningeweza kumnyang'anya nikawatumia, wala msingejua, lakini ningekuwa nimemlaghai Tusekile na mama pia. Sasa kila jioni namwona Chileshe amembeba mgongoni, na moyo unaniuma kwa ajili ya mwanao.

Nimejaribu kuchonga mwingine. Kila nikianza, sura inayotoka ni yako, na kumchonga aliye hai ni mwiko kwetu. Nimeitia motoni, unisamehe.

Nisalimie baba, shemeji, na shangazi anayetutunzia nyumba ya mama. Tusekile usimwambie kitu, nitakuja kumwambia mwenyewe mvua zikikatika. Nikifika, kaa nami kwanza unieleze mama alikuwaje. Dada, nimeanza kumsahau.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Yeremia