Mikoko ya Kule

Jumamosi asubuhi. Joto limekaa juu ya mji tangu jana, mawingu yamejaa na mvua hainyeshi. Sijala. Chai imepoa mbele yangu.

Nimefanya kosa, na sina pa kulisemea ila hapa bloguni.

Alhamisi chuo kikuu kilikuja na mjadala wa wazi: maadili ya mazingira, na namna ya kuishi bila kuwamalizia wajukuu wetu. Mimi nafundisha Kireno sekondari hapa Mocímboa, wakaniomba niwe mkalimani. Nikajipamba. Nikavaa kapulana mpya, kitenge cha kujifunga, na kilemba chake. Leo naona haya hata kuikumbuka ile kapulana.

Doutora, mhadhiri aliyeongoza, ni mama mpole, si mtu mbaya, nasema kweli yake. Ila alisimama mbele ya watu waliorudi kutoka ukimbizini na sufuria moja moja, akatuambia tupunguze matumizi. Watu wakacheka cheko la adabu. Kisha akasema tuache kukata mikoko. Hapo shangazi yangu Muaija akanyoosha mkono.

Shangazi hajawahi kushika maikrofoni. Aliiweka mbali na mdomo kama inayounguza.

"Mwalimu, sisi hatukungoja kuambiwa. Kuna mahala kule tumekubaliana, haukatwi hata ufito. Tumelala tumefunikwa turubai na boriti zipo kule zimesimama, hatukuzigusa. Vita vilipoingia, mikoko ile ndiyo iliyotuficha. Siku tatu, na watoto mgongoni, maji ya chumvi kiunoni. Aliyekuficha humkati."

 Nikatafsiri kwa fahari.

Doutora akafuta machozi. Hayo ndiyo maadili yenyewe, akasema. Akauliza ni wapi.

Shangazi alisema "kule". Wanawake wote wa mtaa wetu husema kule. Jina la ule mkono wa bahari halitamkwi tangu siku zile, si kisimani wala harusini, na mtoto akilitaja hula kofi. Mimi hilo nalijua vizuri sana. Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, watu wananitazama, na mkalimani hapendi kuacha sentensi ina tundu. Nikalitaja, kwa Kireno safi kabisa.

Shangazi hajui Kireno. Jina alilisikia.

Doutora akapatafuta kwenye mapa, ile ramani iliyomulikwa ukutani, akapazungushia duara jekundu. Makofi. Watu kadhaa wakapiga picha kwa simu. Mmoja simjui, shati safi, alikaa karibu na mlango. Huyo akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama maji yakijaa kuna njia ya kuingilia kwa miguu. Na hilo nikamtafsiria Doutora! Shangazi akajibu hapapitiki, akaketi. Yule mtu akaondoka kabla soda hazijagawiwa.

Huenda ni mnunuzi wa boriti tu, si wa wale walioleta vita. Najiambia hivyo tangu juzi. Nimeuliza mtaani, hakuna anayemjua, na kwenye lista ya waliohudhuria jina lake halimo.

Na jana watu wa kijiji cha Mbau waliingia mjini na magodoro vichwani. Hakuna anayewauliza wamekimbia nini.

Nilimwandikia Doutora nikamwomba alifute lile duara. Akanijibu kwa upole kwamba ripoti imeshapandishwa mtandaoni, na kwamba tujivunie.

Tujivunie!

Jana alasiri nilikwenda kwa shangazi kuomba radhi. Nilimkuta anafunga furushi likae tayari, na jirani yake anafunga lake. Nikamshika miguu. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nenda nyumbani."

Leo, jua linachomoza, nikasikia mapanga. Si panga moja. Nikatoka mpaka mwisho wa mtaa, nikawaona wanawake wanarudi kutoka kule, matope mpaka magotini, boriti mbichi vichwani, maji ya chumvi yakiwachuruzika mabegani. Shangazi alikuwa mbele. Nikamuuliza kwa nini. Akanipita, kisha akasimama bila kugeuka.

"Mahala pakishajulikana si pa kujificha tena. Angalau tupate nyumba."

Wamerudi tena kukata. Mapanga nayasikia mpaka hapa nilipokaa. Nimefungua ile ripoti kwenye simu: picha ya shangazi na maikrofoni yake, na chini yake ameandikwa mlinzi wa mikoko. Jina la pahala lipo, limeandikwa bila kosa hata moja, kama nilivyolitamka.

Wakija wale tena, tutakimbilia wapi? Nimejiuliza asubuhi nzima. Kisha nikajijua mjinga. Wanawake hawakai bila pa kukimbilia, watakuwa wanatafuta pengine, au wameshapapata.

Mimi hawataniambia.